Fundi wa Hedfoni wa Ndia Kuu

Kabla hajakuonyesha hedfoni hata moja, alikupa njugu utafune. Kopo la njugu lilikaa mezani pake siku zote, kando ya chuma cha kulehemu, na mteja mgeni alidhani ni ukarimu tu wa watu wa Mji wa Kale. Kumbe ulipokuwa ukitafuna, yeye aliinamisha kichwa akakutazama pale taya linapokutana na sikio. Kuna watu, alisema, taya zao zasogea mno, na hedfoni ya kuchomeka ndani ya sikio itawatoka kila wakila andazi. Wengine taya zao zimetulia. Akishajua wewe ni wa kundi gani, ndipo maswali yalipoanza.

"Utasikizia wapi?"

"Popote, Fundi."

"Hakuna mahali paitwapo popote. Nambia. Kitandani? Ferini? Kazini? Safarini? Na wakati huo wasikiza, ni nani atakayekuwa akikuita?"

Swali hilo la mwisho liliwakwamisha wengi. Nimeona watu wazima wamesimama kichochoroni, njugu mdomoni, wakifikiri kwa mara ya kwanza ni nani huwaita, na kama wao huitika.

Sote tulimwita Fundi. Duka lake lilikuwa chini ya ngazi ya nyumba ya mawe, hatua chache kutoka Ndia Kuu. Lilitosha meza, kigoda chake na mteja mmoja. Mteja wa pili alisimama nje na kujibana ukutani kila mkokoteni ulipopita. Ilikuwa miaka ya tisini, na kila kijana mjini alitaka kaseti ndogo ya kufunga kiunoni. Hedfoni ziliingia kwa maboksi kutoka Dubai, na maduka makubwa yalizining'iniza mlangoni mafungu kwa mafungu. Yeye hakuwahi kuwa na zaidi ya ishirini kwa wakati mmoja. Alikwenda kwa wauzaji wa jumla, akashinda huko akijaribu moja baada ya nyingine, akarudi na nne au tano, na kila moja mkewe aliishonea mfuko wa kitambaa. Zile alizoziacha alisema ni mapambo ya shingo.

Mimi nilifika kwake kwa sababu ya kazi. Nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ya wakili mmoja, si mbali na mahakama. Wakili alisemea kwenye kaseti barua zake na maelezo ya mashahidi, nami nilisikiliza na kuandika, saa nane kwa siku. Hedfoni za ofisi zilikuwa za plastiki ngumu, na ikifika saa sita mchana masikio yaliniwaka kama ya mtoto aliyefinywa na mwalimu. Fundi alinipa njugu, akaniuliza maswali yake, akaniuliza pia kama nikiandika huinamia kulia au kushoto. Kisha akatoa hedfoni nyepesi yenye sponji, ya kukaa juu ya sikio bila kulibana. Akaupinda utepe wake wa chuma kidogo kidogo, akiniwekea kichwani na kuutoa, mara sita au saba. Mara ya mwisho nilipoivaa, ilibidi niguse kichwa kuhakikisha kwamba ipo.

"Basi ndiyo hiyo," alisema. "Ukiwa wasikiza na bado waikumbuka, irudishe."

Sikuirudisha. Badala yake nikawa mtu wa kupita pale kila jioni nikitoka kazini, kabla ya kushuka kivukoni kwenda kwangu Likoni. Yeye Mwislamu wa mjini, mimi Mkristo wa kutoka bara ya Kaloleni, lakini aliniita mwanangu tangu siku ya kwanza, na salamu yake ilikuwa ile ile, "Waambaje, mwanangu?" Ilinichukua muda kujifunza kujibu "Sina la kwamba" kama wenyeji.

Jambo lililonistaajabisha kuliko yote ni kwamba mtu huyu hakuwa amesafiri. Alikiri mwenyewe kwamba upande wa bara hakuvuka Mazeras, hapo karibu tu na mji. Lakini alijua kelele za safari za watu wote. Mteja akimwambia anakwenda Nairobi kwa gari la moshi, Fundi alimtaka aigize mlio wake kwa mdomo. Hakuwa na mzaha. Alifumba macho akangoja. Nimemwona mwalimu mkuu mstaafu, mtu wa miwani, koti na kofia ya wanga, amesimama mbele ya duka lile akifanya "du-du-dum, du-du-dum" na mate yakimruka, na wapita njia wamesimama. Fundi akamuuliza, "Na madaraja je?" Mzee akaigiza madaraja. Basi Fundi akafumbua macho, akanyoosha mkono bila kutazama, akatoa mfuko mmoja. "Kelele yako ni nene, ya chini. Hii yafunika sikio zima. Na utepe wake wapita nyuma ya shingo, kofia yako haitavunjika wanga." Yule mwalimu mkuu alirudi baada ya mwezi kusema kwamba alisikiliza kaseti zake mpaka Nairobi bila kupandisha sauti hata mara moja. Alisema hivyo kwa sauti ya mtu anayesimulia muujiza, nami sikumlaumu.

Muuguzi mmoja wa zamu alikuja akitaka kujifunza Kiarabu kwa kaseti wakati wodi imetulia. Fundi alimuuzia hedfoni kisha papo hapo akachukua koleo, akakata waya wa upande mmoja. Dada yule alishtuka. "Hilo sikio si lako," Fundi alimwambia. "Ni la wagonjwa."

Na wapo aliokataa kuwauzia. Dereva mmoja wa lori alifika na pesa mkononi, akataka za kuvaa njiani mpaka mpakani. Fundi alimuuliza kama huendesha yeye mwenyewe. Alipojibiwa ndiyo, alirudisha mfuko kwenye rafu. Dereva alipandisha sauti, akamwita mzee mpumbavu asiyejua biashara. Fundi akamwelekeza kwa adabu duka kubwa lililo karibu. "Wao watakuuzia. Mimi siwezi kukuuzia kitu cha kukuzuia kusikia honi." Bibi mmoja wa makamo naye alikuwa akienda Jedda kwa bintiye, mara ya kwanza kupanda ndege, na alikuwa ameambiwa masikio yatamuuma. Alitaka hedfoni nzito kuliko zote. Fundi alimkalisha kwenye kigoda chake mwenyewe, akamfundisha kumeza mate na kupiga miayo ndege ishukapo, wakafanya mazoezi wote wawili, wakipigiana miayo. Hakumuuzia kitu. Bibi aliporudi alimletea tende za Madina, naye alizigawa kwa kila aliyepita siku hiyo.

Ili kujaribu hedfoni hakutumia muziki. Alikuwa na kaseti moja aliyoirekodi mwenyewe. Ndani yake mkewe alitaja maneno kwa sauti ya chini, polepole, kama anayemwita mtu asiyetaka kumshtua. Yalianza majina ya samaki: changu, tasi, tafi, pono, songoro. Kisha yakafuata maneno ya jozi. Wenyeji wa Mvita, hasa wazee, hutofautisha kaa la moto na kaa wa baharini kwa pumzi tu; wa baharini hutoka na pumzi, la moto halina. Ni hivyo hivyo kwa paa la nyumba na paa wa mwituni. Mkewe aliyataja maneno hayo bila mpangilio, nawe ulitakiwa useme ni lipi. "Muziki hudanganya," Fundi alisema. "Ngoma ikilia kila mtu huona hedfoni ni nzuri. Lakini ikikupitishia pumzi ya kaa, hiyo itakupitishia kila kitu." Mimi mwanzoni sikuweza kuzitofautisha kabisa, maana kwetu hatusemi hivyo. Alinifundisha kwa kushika karatasi nyembamba mbele ya mdomo. Kaa wa baharini alipotamkwa karatasi iliruka. Baada ya wiki chache nilikuwa nikiwakosoa wateja wengine.

Sitaki nimfanye malaika. Alikuwa na hasira za ghafla, na karibu zote zilihusu salamu. Mtu aliyeuza hedfoni kwa riziki yake hakuweza kustahimili mtu kumsalimu akiwa amezivaa. Siku moja kijana wa dada yake, mtu mzima mwenye mke, alipita akapunga mkono huku hedfoni ziko masikioni. Fundi alitoka mbio, akamvua, akamwambia mbele ya watu, "Mimi si picha ya ukutani!" Kijana aliondoka uso umemshuka. Kesho yake asubuhi, Fundi alikwenda mpaka kazini kwa kijana, bandarini, akamwomba radhi mbele ya wenzake, kwa kuwa, alisema, kosa lake nalo alilifanya mbele ya watu. Pia alikuwa mchelewaji asiye na mfano. Aliweza kushika koili ya spika kwa kibano kwa saa nzima bila mkono kutetemeka, lakini akikwambia njoo Jumanne, ilikuwa heri uje Alhamisi. Na aliwasema vibaya mafundi wengine kuliko ilivyostahili. Kwake yeye, mji mzima haukuwa na mtu mwingine anayejua kulehemu.

Mwaka wa tatu wa kumjua, hedfoni yangu ilianza kufifia upande wa kushoto. Nilimpelekea. Aliifungua, akaisafisha pini, akapima waya, akaifunga tena. Akaniwekea kaseti ya mkewe.

Alinisikizisha kulia kwanza. Nilijibu yote sawa. Kisha kushoto tu. Nilisema kaa la moto pale palipokuwa na kaa wa baharini. Nikasema paa la nyumba badala ya mnyama. Jina tafi nililisikia tasi. Fundi aliirudisha kaseti mwanzo. Akaivua hedfoni, akaigeuza kinyume, ile spika ya kushoto ikakaa sikio la kulia. Nikasikia kila kitu. Kisha akaniwekea ile spika nzima ya kulia kwenye sikio la kushoto. Sauti ya mkewe ikawa kama inatoka ndani ya mtungi.

Alikaa. Alivua miwani akaifuta kwa shati, na miwani haikuwa na uchafu.

"Mwanangu, hedfoni ni nzima."

"Sasa mbona sisikii?"

"Spika mbovu ingekwenda na ubovu wake kila sikio. Hii tumeigeuza, na sikio la kushoto bado halisikii." Akaniinamia. "Lauma? Latoa maji?"

Nilikasirika kama ninavyokumbuka kukasirika mara chache maishani. Mpiga chapa wa kaseti asiye na masikio si mpiga chapa. Wadogo zangu wawili walikuwa shuleni kwa mshahara ule. Muuza kahawa alikuwa amesimama pale, na mteja mwingine, na wote walikuwa wamesikia.

"Nilikuletea hedfoni, Fundi," nilimwambia. "Sikukuletea sikio."

Akaitia hedfoni mfukoni mwake wa kitambaa, akanipa kwa mikono miwili. Sikumjibu lile swali lake. Jibu nilikuwa nalo. Sikio lilikuwa likitoa maji tangu Pasaka, nami nililiziba kwa pamba na kujiambia ni jasho la Mombasa.

Kwa wiki mbili nilipita kichochoro kingine.

Ofisini nilikuwa na mazoea ya kusogeza hedfoni ya kulia nyuma ya sikio, ili nisikie simu na wakili akiniita. Kwa hiyo kaseti zote nilikuwa nikizisikia kwa sikio la kushoto, lile lile. Siku moja shahidi alikuja kutia sahihi maelezo yake. Alikuwa mwanamke muuza mboga wa Majengo, na alisoma polepole, kidole kikifuata mstari. Alifika mahali akasimama.

"Hapa si mimi," alisema. "Mimi nilisema yule mtu alimpita pale dukani. Hapa pameandikwa alimpiga."

Wakili aliichukua karatasi. Aliisikiliza kaseti mwenyewe, mara mbili. Yule mama alipoondoka alifunga mlango, na hakupandisha sauti, jambo lililoniogopesha zaidi.

"Mtu angefungwa kwa herufi moja," alisema. "Herufi moja, dada. Ikitokea tena, sitaweza kukuweka hapa."

Saa ya chakula nilikwenda Ndia Kuu. Njia nzima nilikuwa nikipanga maneno ya kuomba radhi. Nilipofika palikuwa na mzee amesimama na redio yake imefunguliwa mezani, vyuma vyake vyote nje. Fundi aliinua uso, akanitazama, na yale maneno yote niliyoyapanga yakanitoka.

"Latoa maji, Fundi," nilisema. "Tangu Pasaka."

Nilingoja aseme kwamba aliniambia.  Badala yake alichomoa chuma cha kulehemu ukutani, akavua aproni, akaanza kuvuta mlango.

"Fundi, na redio yangu?" mzee yule aliuliza.

"Redio haiumwi," alijibu, akafunga.

Jua lilikuwa la utosi. Tulitembea mpaka kwa daktari wa masikio aliyemfahamu, ng'ambo ya pili ya mji, na njia nzima alizungumza mambo ya kawaida, bei ya waya, mvua iliyochelewa. Sikupata tabu kumsikia. Nilikuwa nimekaa tayari kwenye benchi la daktari nilipotambua kwamba alikuwa ametembea upande wangu wa kulia mwendo wote. Kila tulipovuka barabara na mimi nikabadilisha upande, naye alizunguka nyuma yangu akarudi kulia. Mwanzoni nilidhani ni kutangatanga kwa mzee.

Daktari alimulika sikio, akakunja uso. Fundi akamwambia, kwa heshima, kwamba sauti nene zanifikia lakini pumzi ya maneno yanipotea, na kwamba f na s zinachanganyika, na kwamba ilianza kushoto tu. Daktari aliweka chini kurunzi yake.

"Mzee, wewe ulisomea wapi haya?"

"Chini ya ngazi," Fundi alisema.

Kiwambo cha sikio kilikuwa na tundu, na maradhi yalikuwa yameanza kuelekea kwenye mfupa. Daktari alisema ningechelewa mwaka mmoja zaidi, tusingekuwa tunazungumzia kusikia tena, tungekuwa tunazungumzia uhai. Nilihitaji kupasuliwa, Nairobi. Nilitoka pale nikilia. Fundi aliniketisha kwenye baraza ya duka la mtu, akaninunulia maji, akakaa kando yangu mpaka nilipomaliza kulia.  Alipangusa vumbi kwenye makubadhi yake, akangoja.

Nilikwenda kwa gari la moshi. Fundi na mkewe walikuja stesheni kunisindikiza, na hapo ndipo nilipouona uso wa sauti ile ya kaseti; mama mfupi, mcheshi, aliyenikumbatia kama mtu wa nyumbani. Fundi alikuwa amenitengenezea hedfoni ya safari. Ilikuwa na spika moja tu, ya kulia, laini, ya kufunika. Upande wa kushoto aliweka kimto kidogo cha pamba na kitambaa, kikae juu ya mfupa, kisiguse sikio. Kwenye gurudumu la sauti la kaseti yangu ya kiunoni alitia alama nyekundu kwa rangi ya kucha ya mkewe.

"Usivuke hapo," alisema. "Hata gari likipiga kelele. Hilo sikio moja sasa lafanya kazi ya mawili, usilichoshe."

Sikuvuka. Nililala na kaseti ya nyimbo za kanisani sikioni, na kila nilipoamka nilipapasa ile pamba upande wa kushoto.

Nilipasuliwa, na sikio lilirudi, si lote. Wakili alining'ang'ania kazini mpaka nikapona, na hilo nalo sitalisahau. Siku niliyorudi Ndia Kuu, Fundi aliweka kaseti bila kunisalimu vizuri, akaniwekea spika upande wa kushoto. Sauti ilikuwa mbali kidogo. Lakini ilikuwa na pumzi.

"Kaa wa baharini," nilisema.

Alinipa mgongo, akaanza kutafuta kitu kwenye rafu. Alikitafuta muda mrefu, na alipogeuka hakuwa ameshika chochote.

Baadaye niliolewa, nikahamia Malindi kumfuata mume wangu. Nyumba ya mawe ikauzwa, na chini ya ngazi pakawa duka la vinyago vya watalii. Fundi akafanyia kazi nyumbani kwake, kidogo kidogo. Habari zake nilizipata kwa watu.

Mwisho mwisho wa miaka ile nilikuja Mombasa kwa shughuli, nikashuka Liwatoni kununua samaki wa kurudi nao. Nje ya karakana moja ya injini za mashua nilimwona mzee mwembamba akibishana na fundi mkubwa wa mle kwa ishara za mikono, kwa sababu injini iliyokuwa ikijaribiwa ilinguruma hata ardhi ikatetemeka. Nilimtambua kwa namna alivyoinamisha kichwa.

Tuliondoka kando, tukajuliana hali. Alikuwa amezeeka, mifupa ya mabega imejitokeza, lakini hakutaka mazungumzo ya afya. Alinieleza kwamba kwa mwezi mzima amekuwa akija pale. Mmoja wa mafundi alimpelekea redio akidai imeharibika, na redio ilikuwa nzima. Fundi akaja akawapima wote kumi na mmoja, na tisa kati yao sauti za juu zilikuwa zimeshawatoka. Mdogo wao alikuwa na miaka ishirini na mitano.

"Maisha yangu yote nimewauzia watu vya kuleta sauti masikioni," aliniambia. "Hawa wataka vya kuizuia. Vyauzwa, nimeviona. Mwenye karakana hajui tu. Ndoo hapa, uniandikie barua ya kumpelekea."

Tulikaa juu ya kreti la samaki lililopinduliwa, nikaandika kwa mkono. Yeye alisema, nami niliandika, kama nilivyofanya miaka yote kwa wakili. Nilipotia sentensi kali kuhusu wajibu wa mwajiri, aliisoma, akaigonga kwa kidole. "Hii itoe. Akiona atukanwa hatafika mstari wa pili." Akataka badala yake niandike jina la kila sauti ambayo watu wale hawaisikii tena: kengele ya baiskeli, birika likichemka, mtoto akinong'ona. Sauti moja kwa kila mstari.

Barua ilipokwisha alimwendea fundi mkubwa akamwashiria azime. Mtu yule alitazama injini, akamtazama mzee, akazima.  Wanaume walikuja wakifuta mikono kwa matambara, wakasimama kunizunguka, nami nikawasomea barua yao kwa sauti kubwa, nikiwatazama wakiisoma midomo yangu. Nilipofika penye mtoto akinong'ona, yule mdogo wao aliniomba nirudie. Nilirudia. Alitikisa kichwa, akaangalia pembeni.

Walitia sahihi mmoja mmoja. Wanne hawakujua kuandika, wakatia dole gumba, na hatukuhitaji wino, grisi ilitosha. Nilimuuliza Fundi nimwekee nafasi wapi.

"Mimi sifanyi kazi hapa," alisema. "Barua ni yao."

Vile vifuniko vya masikio vilikuja. Havikuja haraka, ilichukua miezi, na kwa muda mrefu watu waliviazima zamu kwa zamu kwa sababu havikutosha. Lakini vilikuja, nami nilipopita tena mwaka uliofuata, Fundi akiwa ameshatangulia mbele ya haki, kila mtu pale alikuwa na vyake. Siku ninayoishika moyoni, hata hivyo, ni ile ya barua. Ofisi ya mwenye karakana ilikuwa juu, ngazi tatu za saruji na mlango wa kijani. Bawabu alimuuliza kama ana miadi.

"Sina," Fundi alisema. "Nna barua."

Aliikunja mara mbili, akaishika kwa mikono miwili. Mlangoni alivua makubadhi yake, kama aingiaye nyumbani kwa mtu, ingawa hakuna aliyewahi kuvua viatu kuingia mle. Aliyapanga pamoja kando ya kizingiti, akaingia. Mafundi kumi na mmoja walipanda mpaka kwenye ile ngazi ya chini, wakasimama hapo na grisi yao, wakiyatazama makubadhi. Injini ilikuwa nyuma yao imepoa, na hakuna aliyerudi kuiwasha mpaka alipotoka.